Mimi ni Okello, baba wa mchumba wangu naye ni Okello: je, sisi ni ndugu?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, nimezaliwa na kukulia Jinja, kwenye nyumba za kambi ya jeshi. Baba alikuwa askari, Mwacholi, akafariki nikiwa darasa la pili. Mama ni Muganda. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa hiyo Kiacholi sijui zaidi ya salamu. Baba aliitwa Okello, nami naandika Okello. Sasa nataka kuoa binti wa Lira, na baba yake pia ni Okello. Mama mkubwa amekataa katakata. Anasema jina moja ni ukoo mmoja, tutajiletea mkosi. Wazee waliotumikia jeshi na baba nao huniambia kwamba kina Okello wote ni mlango mmoja: Rais Tito Okello, Jenerali Bazilio Okello, hata John Okello aliyeongoza mapinduzi ya Zanzibar, na siku hizi Allan Okello wa mpira. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nitamuoaje?"*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kupata mchumba. Naona umebanwa pande mbili: upande mmoja mama mkubwa anakuogopesha kwa mkosi, upande wa pili wazee wa jeshini wanakupa undugu na watu wakubwa, na undugu huohuo ndio unaotishia ndoa yako. Nianze na jibu lenyewe. Jina Okello halithibitishi kwamba wewe na binti huyo ni ndugu. Halithibitishi pia kwamba si ndugu. Kwa Waacholi na kwa Walango, watu wa Lira, jina hilo halisemi lolote kuhusu ukoo, kwa hiyo swali lako itabidi ulipeleke kwingine, nami nitakuonyesha wapi.

Kwanza uelewe Okello hutokeaje. Mama akijifungua mapacha, majina yao yanakuwa yamekwishapangwa: wa kwanza ni Opio, wa pili ni Ocen, na wakiwa wasichana ni Apio na Acen. Mtoto anayezaliwa baada yao, akiwa wa kiume ni Okello, wa kike ni Akello. Anayemfuata huyo mara nyingi huitwa Odong au Adong. Jina linatoka kwenye mpangilio wa kuzaliwa, halitoki kwa baba. Ndiyo maana watoto wa mzee mmoja wa Gulu wanaweza kuwa Okot aliyezaliwa mvua inanyesha, Oyoo aliyezaliwa njiani, na Okello aliyefuata mapacha, wote tumbo moja, baba mmoja, na hakuna anayeitwa kama baba yao. Popote mapacha walipozaliwa kwa Waacholi, kwa Walango, au kwa Wajaluo kule Kenya, anayefuata anaweza kuwa Okello. Mapacha hawachagui ukoo.

Sasa uwatazame hao waliotajwa na wazee, mmoja mmoja.

John Okello alikuwa mtu wa kabila la Walango, aliyezaliwa mwaka 1937. Alifiwa na wazazi angali mdogo, akazunguka Afrika Mashariki akifanya vibarua, akafika Pemba mwaka 1959 na baadaye akavuka kwenda Unguja. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 aliongoza uvamizi uliouangusha utawala wa Sultani Jamshid, na dunia ikamjua kama Field Marshal Okello. Haikupita miezi mitatu, serikali ya Karume ikawa imekwishamfungia mlango wa visiwani. Mara ya mwisho alionekana Uganda mwaka 1971, mwanzoni mwa utawala wa Idi Amin, kisha akatoweka.

Tito Okello Lutwa alikuwa Mwacholi wa Kitgum, mtu mzima kuliko John kwa zaidi ya miaka ishirini. Alizaliwa mwaka 1914, akaingia jeshi la kikoloni la KAR, na mwaka 1979 alikuwa mmoja wa makamanda wa Waganda waliorudi pamoja na majeshi ya Tanzania kumng'oa Amin. Alikuwa rais kuanzia tarehe 29 Julai 1985 hadi 26 Januari 1986, Museveni alipoichukua Kampala. Alifariki mwaka 1996.

Bazilio Olara-Okello ndiye aliyeongoza vikosi vilivyompindua Rais Obote tarehe 27 Julai 1985, akashika madaraka kwa siku mbili kabla ya kumwachia Tito. Naye alikuwa Mwacholi, jenerali, na alifariki uhamishoni Sudan mwaka 1990. Hapa ndipo wazee wako walipochanganyikiwa, na siwalaumu. Watu waliposema "serikali ya kina Okello" mwaka ule, walimaanisha majenerali wawili wa jina moja, kabila moja na mapinduzi mamoja. Masikioni ilisikika kama familia. Lakini Tito na Bazilio hawakuwa mtu na ndugu yake.

Allan Okello yeye amezaliwa mwaka 2000, akang'aa katika klabu ya KCCA, akaenda Algeria, akarudi kuchezea klabu ya Vipers, na timu ya taifa tunamjua sote. Naongeza mmoja ambaye wazee hawakumtaja: Okello Oculi, mwandishi na mwalimu wa sayansi ya siasa, Mlango aliyefundisha miaka mingi Nigeria. Kwake Okello linakaa mbele na Oculi nyuma. Umeona? Mwanamapinduzi, rais, jenerali, mwanasoka na profesa. Makabila mawili, vizazi vitatu. Kinachowaunganisha ni jina la kuzaliwa baada ya mapacha, basi. Mtu akikwambia kwamba kwa kuitwa Okello unahusiana nao wote, mwombe akutajie babu mnayekutana naye. Hatamtaja.

Mama mkubwa, hata hivyo, hajasema upuuzi, na nakuomba usimjibu kwa ukali. Anakupimia kwa kipimo cha kwao. Buganda ina koo zaidi ya 50, kila ukoo na muziro wake, yaani mnyama, mdudu au mmea ambao watu wa ukoo huo hawauli: Nkima ni tumbili, Ngo ni chui, Nsenene ni wale senene tunaowala sote isipokuwa wao. Kila ukoo una hazina yake ya majina, na mtoto hupewa jina kutoka kwenye hazina ya ukoo wa baba yake. Kwa hiyo Muganda akisikia kijana na binti wana majina ya hazina moja, ana haki ya kushtuka na kuuliza muziro kabla mambo hayajafika mbali. Kosa la mama mkubwa ni kulichukua jina la Kiacholi na kulipima kwa sheria ya Kiganda.

Na hata huko Buganda kwenyewe jina halitoshi. Baadhi ya majina, hasa yanayotokana na balubaale, miungu ya kale, utayakuta katika koo mbalimbali na hata nje ya Buganda. Chukua Mukasa. Katika Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda, yaani waumini waliouawa kwa ajili ya imani yao, kuna Mukasa watatu: Yosefu Mukasa Balikuddembe, Adolf Mukasa Ludigo aliyetoka Toro, na Mukasa Kiriwawanvu. Yosefu Mukasa alikuwa msimamizi wa nyumba ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Alithubutu kumlaumu Kabaka kwa kuuawa kwa Askofu Hannington, naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Aliyesukuma auawe ni Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka, na huyo Katikkiro jina lake lilikuwa Mukasa. Mukasa mmoja alimpeleka Mukasa mwingine kwa mnyongaji, katika ikulu ileile. Zama zizo hizo alikuwepo Ham Mukasa, aliyekuja kuwa chifu na mwandishi, akasafiri na Katikkiro Apolo Kaggwa hadi Uingereza mwaka 1902. Halafu kizazi kilichofuata, Reuben Spartas Mukasa akaanzisha Kanisa la Kiorthodoksi nchini mwaka 1929. Shahidi, mtawala, mwandishi, padri. Jina lao ni moja, na huwezi kulichorea mti wa familia moja.

Kaggwa nalo lina somo lake. Apolo Kaggwa, Mprotestanti, alikuwa mtu wa ukoo wa Nsenene na aliandika habari za ukoo huo. Anderea Kaggwa, Mkatoliki aliyeuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886, alizaliwa Bunyoro, akatekwa akiwa mtoto na kuletwa Buganda. Wote wawili walimtumikia Mwanga kwa wakati mmoja. Ukisoma barua za miaka ile ukakuta "Kaggwa" peke yake, bila kuangalia dini, cheo na mwaka, utampa mmoja matendo ya mwingine.

Nikukumbushe na upande wa pili wa jambo hili, maana wengi huusahau: majina tofauti hayaondoi undugu. Daudi Chwa alimzaa Edward Muteesa, Muteesa akamzaa Ronald Mutebi. Ni baba, mwana na mjukuu, Makabaka wote watatu, na majina yao ni Chwa, Muteesa na Mutebi. Asiyejua historia angedhani wametoka nyumba tatu. Kwa hiyo hata kama baba wa mchumba wako angeitwa Ocaya au Ojok, bado ungetakiwa kuuliza ukoo.

Kilichotuvuruga sote ni karatasi. Shule za misheni, makanisa, jeshi, halafu ofisi za serikali zilitaka kila mtu awe na jina la kwanza na jina la ukoo kama Wazungu. Palipokuwa hapana jina la ukoo, karani aliandika jina la baba. Hapo ndipo jina lililokuwa la mtu mmoja likaanza kushuka kwa watoto. Henry Oryem Okello, ambaye amekuwa waziri wa nchi wa mambo ya nje kwa miaka mingi, ni mtoto wa Tito Okello. Oryem ni lake, Okello ni la baba yake. Kwake yeye, basi, Okello ni alama ya familia kweli, ingawa kwa baba yake halikuwa hivyo. Vivyo hivyo kwa Kiwanuka. Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu aliyetekwa na watu wa Amin mwezi Septemba 1972, ana mjukuu wake Marekani, Mathias Kiwanuka, aliyecheza mpira wa Kimarekani na timu ya New York Giants. Huo ni undugu wa damu, na jina limefika kwa njia ya karatasi. Lakini Achilleus Kiwanuka aliyechomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Joseph Kiwanuka aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1939, na Michael Kiwanuka, mwimbaji aliyezaliwa London na wazazi Waganda akashinda tuzo ya Mercury mwaka 2020, huwezi kuwafunga kwenye mti mmoja kwa sababu tu jina linafanana. Inabidi uulize kwa kila mmoja: jina hili alipewa na ukoo, au alilipata kwa baba?

Mipaka ya nchi nayo haizuii majina. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, Stephen Kiprotich wa kwetu Kapchorwa alichukua dhahabu, na shaba ikaenda kwa Mkenya ambaye jina lake kamili ni Wilson Kipsang Kiprotich. Wasebei wetu na Wakalenjini wa Kenya wana asili moja ya lugha na namna moja ya kuwapa watoto majina, kwa hiyo jina lilipanda jukwaani mara mbili siku moja. 

Turudi kwenye ndoa yako. Wazee wa Kiacholi na Kilango hawaulizi "unaitwa nani" wanapochunguza uchumba. Wanauliza ukoo wa baba, kisha wanauliza mama ametoka wapi, kwa sababu mtu haoi kwenye ukoo wake wala kwa jamaa wa karibu wa mama yake. Ukoo wa mama yako ni wa Kiganda, kwa hiyo upande huo hauna shida na Lira. Umebaki upande wa baba, na tatizo lako halisi, naona, ni kwamba huujui ukoo wa baba yako. Hilo ndilo la kushughulikia, na lina thamani hata nje ya harusi.

Anza na swali dogo. Je, kabla ya baba yako kuzaliwa, walizaliwa mapacha? Watafute waliomjua nyumbani kwao, uwaulize kina Opio na Ocen wa mama yake walikuwa nani, hata kama walifariki wachanga. Wakiwataja, utajua kwamba Okello lilikuwa jina lake mwenyewe la kuzaliwa, na huenda babu yako aliitwa jina jingine kabisa, ambalo ndilo utakalolihitaji. Wakisema hapakuwa na mapacha, basi huenda alirithishwa jina la mtu, au aliandikishwa shuleni kwa jina la baba yake. Mchumba wako naye amuulize baba yake swali hilohilo. Nina hakika mzee atalifurahia.

Pili, mwombe mama akutafutie karatasi za jeshi za baba. Fomu za kuandikishwa au za mafao zinaweza kuwa na kijiji, kata ndogo na wilaya ya nyumbani. Na wale wazee waliotumikia naye, badala ya kuwauliza habari za Tito, waulize kama wanaukumbuka *mwoc* wake, ule mwito wa kujisifu ambao Mwacholi huupaza kwenye ngoma au akifurahi. Wazee wa nyumbani wakiusikia wanaweza kukuelekeza upande wa watu wako.

Ukishapata wilaya, usimalize mambo kwa simu. Nenda. Ofisi ya Ker Kwaro Acholi, taasisi ya uongozi wa jadi wa Waacholi, pale Gulu inaweza kukuelekeza kwa Rwot, yaani chifu, wa eneo lenu, na Rwot atakuelekeza kwa wazee wa ukoo. Hapa kuwa makini: ukiambiwa "baba yako alikuwa Payira" au "alikuwa Padibe", hujamaliza. Hizo ni himaya zenye koo nyingi chini ya Rwot mmoja, na watu wa Rwot mmoja wanaweza kuoana vizuri tu kama koo zao ni tofauti. Uliza tena: ukoo gani ndani ya Payira? Ujue pia kwamba vita vya kaskazini viliwakusanya watu kambini kwa miaka mingi, na wengine hawakurudi vijiji vyao vya zamani. Ukikuta boma halina mtu, usikate tamaa, ulizia familia ilihamia wapi. Upande wa Lira, binti amwombe baba yake awahusishe wazee wa ukoo wao na *awitong*, kiongozi wa ukoo, kisha pande mbili zilinganishe.

Najua kuna watakaokwambia upime DNA yaishe. Maabara ya Serikali pale Wandegeya inafanya vipimo vya mzazi na mtoto, na kwa swali hilo vinasaidia. Lako ni swali jingine. Ukoo hujumuisha watu ambao babu yao wa pamoja aliishi vizazi vingi nyuma, pamoja na familia zilizopokelewa kutoka nje na kuhesabiwa ndugu. Karatasi ya maabara inaweza kusema hamna uhusiano wa karibu, na wazee wakasema ukoo ni mmoja, hapo utakuwa umelipa pesa nyingi na hujapata ruhusa. Kama wazee watawakuta na babu wa karibu, wa kizazi cha pili au cha tatu, hapo ndipo daktari wa mambo ya urithi ana la kukwambia.

Njia nyingine ni kunyamaza mkaenda bomani kufunga ndoa. Sheria haina kifungu kinachomzuia Okello kumuoa binti Okello kwa ajili ya jina. Sikushauri hivyo, kwa sababu moja tu: mkija kupata mtoto akaugua, kila jamaa atasema "tuliwaambia," na mke wako ndiye atakayelibeba neno hilo nyumbani kwenu. Safari moja ya kaskazini ni nafuu kuliko hayo.

Jihadhari na mtu atakayejitolea kukuunganisha na familia ya rais wa zamani kwa ada. Wazee wa ukoo hupokea heshima ya mgeni, sukari na sabuni, na nauli ya mzee atakayeitwa kutoka mbali. Hawauzi babu.

Na kama itatokea kweli mkakutwa ukoo mmoja, usichukue uamuzi siku hiyo wala usimtumie binti ujumbe wa kuvunja uchumba. Koo kubwa zina matawi, na yapo matawi yaliyokwishatengana kiasi cha kuruhusiana kuoana. Yapo mengine ambayo wazee watasema hapana. Anayejua tofauti hiyo ni mzee wa ukoo aliyekaa na mwenzake wa Lira, wakataja mababu mmoja baada ya mwingine mpaka wafike mwisho. Ombeni kikao hicho kabla ya kupanga siku ya kwenda kujitambulisha kwao. Nenda na mama yako kama afya inamruhusu, beba picha ya baba na karatasi zake za jeshi, na mchukue mtu anayejua Kiacholi vizuri, maana majina ya mababu yatatajwa haraka nawe utahitaji kuyaandika yote.